Kutoka Mbulu hadi Spinachi: Fani ya Uvumi Wenye Tanbihi

Mwanaanthropolojia wa Norwei, Ole Bjørn Rekdal, ana makala mbili ambazo kwa kawaida hukaa kwenye rafu tofauti. Ya kwanza, "When Hypothesis Becomes Myth: The Iraqi Origin of the Iraqw", ilitoka katika jarida la Ethnology mwaka 1998, nayo inahusu Wairaqw wa Mbulu na madai kwamba asili yao ni Iraki. Ya pili, "Academic Urban Legends", ilitoka katika Social Studies of Science mwaka 2014, nayo inahusu madini ya chuma kwenye spinachi. Mwanafunzi wa historia ya Manyara huitafuta ile ya mwanzo, na mhariri wa jarida huitafuta hii ya pili. Ukizisoma sambamba utaona kuwa ni kisa kimoja kilichosimuliwa mara mbili, wahusika wakiwa wamebadilishana nafasi. Uhakiki huu unashughulika zaidi na fani: jinsi makala hizo zilivyosukwa, na jinsi msuko huo unavyofichua kasoro ya tathmini ya wanataaluma wenza ambayo kanuni za maadili za majarida bado hazijaigusa.

Tuanze Mbulu. Kwa miongo mingi watu wa Mbulu, Karatu na Hanang wamesikia, na wengine wamesimulia wenyewe, kwamba Wairaqw walitoka Mesopotamia, nchi ambayo leo ni Iraki. Hoja zake ni rahisi kushika: jina linafanana, na lugha yao haifanani na za majirani Wabantu. Wanaisimu wanaiweka lugha ya Kiiraqw katika kundi la Kikushi, ikiwa jamaa wa mbali wa Kisomali na Kioromo. Kikushi na lugha za Kisemiti, Kiarabu kikiwamo, zimo katika familia moja kubwa ya Kiafro-Asia, kwa hiyo mwenye kutaka chembe ya ukweli ya kushikia anaipata. Lakini undugu wa lugha unaopimwa kwa maelfu ya miaka hauthibitishi safari ya kutoka Baghdad hadi Mbulu. Simulizi kongwe za Wairaqw zinataja Ma/angwatay, kisha Irqwar Da/aw, milima ambayo wengi huiita Mama Isara. Iraki haihitajiki ili simulizi hizo zikamilike.

Iraki iliingiaje basi? Jibu la Rekdal limo ndani ya anwani yake: ilianza kama dhana ya watu wa kalamu, ikaishia kuwa ngano ya asili. Ilizaliwa katika enzi ambayo wasomi wa Ulaya, kila walipokutana na Waafrika waliowashangaza kwa lugha, sura au ufugaji, waliwatafutia chimbuko nje ya bara. Fikra hiyo ya "Wahamiti" ilipewa umbo lake maarufu na C. G. Seligman katika kitabu chake Races of Africa cha mwaka 1930. Dhana ikirudiwa inazoeleka, ikizoeleka inaingia darasani na kanisani, na kutoka huko inaingia kinywani mwa wenye simulizi wenyewe. Mtafiti anayefika baadaye anaweza kuisikia kwa mzee, akaiandika kama mapokeo ya wenyeji, na dhana ya zamani ikajipatia shahidi mpya. Mduara unafungika hapo: kitabu kinamtaja mzee, na mzee aliitoa kitabuni.

Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kwa kawaida tunautumia usemi huo kuonya kuhusu mambo yatakayotokea. Katika kisa cha Wairaqw unafanya kazi kwa upande wa nyuma, kwani lililosemwa sana liliumba hata wakati uliopita.

Angalia mpangilio wa anwani ya 1998. Tumefundishwa kwamba ngano hutangulia na sayansi huja kuisafisha: babu anasimulia, profesa anapima. Anwani hii inageuza mfuatano. Dhana ya kisomi inatangulia, ngano inafuata. Geuzo hilo ndilo tendo kubwa la kifani katika makala nzima, kwa sababu linahamisha mzigo wa uthibitisho. Swali la kwa nini wanavijiji wanaamini hadithi isiyo na ushahidi linasogea kando, na mahali pake linakuja swali la nani aliiandika bila ushahidi, na waliofuata waliinakili kwa nini.

Hata hivyo, kurasa 22 za makala hiyo zinatembea kwa mwendo uliozoeleka wa ethnografia. Msomaji anaongozwa, anaonyeshwa, anakubali. Yeye mwenyewe hajaingizwa mtegoni. Anaweza kumaliza kusoma akiwacheka waandishi wa kale na kuwahurumia watu wa Mbulu, asitambue kwamba makala aliyoiandika mwenyewe wiki iliyopita ina marejeo ambayo hakuyafungua. Ilimchukua Rekdal miaka 16, na tasnifu ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Bergen ya mwaka 1999 yenye anwani ya mzaha wa kisomi, The Invention by Tradition, kufikia makala ambayo msomaji wake hawezi kusimama pembeni.

Makala hiyo ya 2014 inaanza kutega tangu ikisiri. Humo tunaambiwa kwamba mengi yanayosemwa katika machapisho ya kisayansi yenye heshima yamejengwa juu ya uvumi, na kwamba mfano wake ni kosa la nukta ya desimali ambalo yaonekana limewapotosha mamilioni ya watu waamini kuwa spinachi ina chuma kingi. Neno lililobeba mtego ni dogo sana: "yaonekana". Mwenye haraka hulipita. Anayeishia kwenye ikisiri, kama tunavyoishia wengi, ataondoka na hadithi ya nukta akidhani ameipata kwa mtaalamu wa kufichua uvumi.

Ndani ya makala tunapandishwa ngazi baada ya ngazi. Kuna makala ya K. Sune Larsson ya mwaka 1995 katika Journal of Internal Medicine, inayosema kwamba sifa ya spinachi ilitokana na nukta iliyokaa vibaya na kuzidisha kiasi cha chuma mara kumi. Kinaya ni kwamba makala hiyo inahusu kuenea kwa taarifa za uongo kutokana na marejeo duni. Larsson anamtaja Terence Hamblin, daktari wa damu, aliyeandika katika British Medical Journal toleo la Krismasi la mwaka 1981, toleo ambalo kwa desturi hubeba pia maandishi ya kuchangamsha. Ukienda kwa Hamblin unaikuta hadithi, lakini chini yake hakuna rejea. Ngazi imeishia hewani. Mwaka 2010 mwanakriminolojia wa Uingereza, Mike Sutton, alichimba mpaka chini na hakupata ushahidi wowote wa nukta iliyohama. Kwa hiyo hadithi iliyotumika kukemea uzembe wa wanasayansi wa kale ilikuwa yenyewe zao la uzembe wa wanasayansi wa sasa. Spinachi mbichi ina takriban miligramu 2.7 za chuma katika gramu 100, na mwili hukifyonza kidogo tu. Ukweli huo mkavu haukuhitaji nukta yoyote, na pengine ndiyo sababu haukupata wasimulizi.

Huu ni msuko wa taharuki, na Rekdal anaumiliki vizuri. Nafsi ya kwanza imeachwa wazi, hivyo msomaji anatembea na mtu anayefungua faili moja baada ya jingine. Kila ngazi inatoa ridhiko la kufika, kisha inalinyang'anya. Msomaji anaaibika kidogo, kwa kuwa katika ngazi ya kwanza alishatikisa kichwa. Aibu hiyo ndiyo maudhui. Makala ingeweza kusema kwa aya moja kwamba waandishi hunakili marejeo bila kuyasoma, na kila mtu angekubali asibadilike. Kwa kumfanya msomaji atende kosa lenyewe, fani inafanya kazi ambayo hoja peke yake isingeiweza.

Msomaji wa Kiswahili ana jina la kale la kitu kinachochunguzwa hapa. Wanazuoni wa hadithi za Mtume huita isnadi ule mnyororo wa wapokezi, fulani kutoka kwa fulani, na walijenga elimu nzima ya kuukagua: je, huyu alikutana kweli na huyu? Alikuwa na umri gani? Kumbukumbu yake ilisifika au ilitiliwa shaka? Wingi wa vitabu vilivyoinukuu hadithi haukuiokoa kama vyote vilichota kwa mpokezi mmoja dhaifu. Tanbihi ya jarida la kisasa ni isnadi iliyoondolewa wakaguzi. Inaonyesha jina, mwaka na ukurasa. Haionyeshi kama mwandishi aliufungua ukurasa huo, au aliuokota kwenye tanbihi ya mwenzake. Kwa macho, rejea iliyosomwa na rejea iliyookotwa zinafanana kabisa, na kanuni za uchapaji zinazidi kuzifananisha.

Rekdal aliligusa jambo hili pia katika makala nyingine ya mwaka huohuo wa 2014, katika Science, Technology & Human Values. Mwaka 1942 Katherine Frost Bruner aliandika kuonya kwamba rejea yenye makosa hubaki kuwa mnara wa uzembe wa mwandishi. Maneno yake yakaingia katika mwongozo wa uandishi wa chama cha wanasaikolojia wa Marekani, na wengi wa waliomnukuu wakashindwa kumnukuu kwa usahihi. Hapa napo kinaya kimekuwa njia ya uthibitisho: onyo kuhusu rejea mbovu linaharibikia ndani ya rejea mbovu.

Walikuwa wapi wapitiaji? Tathmini ya wanataaluma wenza haikuteremka na sayansi yenyewe. Jarida la Royal Society ya London lilianza mwaka 1665, lakini ripoti za maandishi za wapitiaji zilianza kuwa utaratibu wake katika miaka ya 1830, na jarida la Nature halikuifanya tathmini hiyo kuwa lazima kwa makala zake mpaka mwaka 1973. Kamati ya maadili ya uchapishaji inayojulikana kwa kifupi COPE ilianzishwa na wahariri mwaka 1997. Kote huko mpitiaji anaombwa kuangalia swali, mbinu, takwimu, hoja na upya wa mchango. Kufungua vitabu 60 vilivyotajwa mwishoni si kazi anayopewa, na halipwi kwa kuifanya. Anapima jengo kwa kuta zake, msingi anauamini kwa sababu wengine wameshajenga juu yake.

Mbulu yenyewe ina fani inayotusaidia kuona kinachotendeka. Katika slufay, sala ya kishairi ya Wairaqw, mzee huongoza na waliokusanyika humwitikia kwa pamoja. Mwitikio wao ni wa kuthibitisha, na neno linapata uzito kwa kuwa lina waitikiaji. Jarida la kitaaluma linajinadi kuwa kinyume cha fani hiyo: mpitiaji mmoja, asiye na jina, aliyekaa peke yake na shaka yake. Lakini tazama marejeo yanavyofanya kazi. Dai likitajwa na wawili linasikika, likitajwa na ishirini linakuwa ukweli, na wa ishirini na moja anaona aibu kuuliza. Huo ni uitikiaji. Tofauti ni kwamba waitikiaji wa slufay wamekaa palepale na wameusikia mstari wanaouitikia, ilhali waitikiaji wa tanbihi mara nyingi hawajausikia.

Sasa linganisha hali hii na ulinzi anaopewa mtoto wa Haydom. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, wilayani Mbulu, iliyoanzishwa mwaka 1955, imekuwa kituo kikubwa cha utafiti wa afya. Ilikuwa moja ya vituo vinane duniani vya utafiti wa MAL-ED kuhusu utapiamlo na magonjwa ya tumbo kwa watoto, ulioanza kusajili watoto mwaka 2009. Utafiti wa aina hiyo nchini hupita Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kamati za vyuo vya nje na ridhaa ya mzazi, na mtafiti kutoka nje huhitaji kibali cha COSTECH, tume iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986. Kila makala inayotoka ina aya yake ya maadili, fupi, iliyoandikwa kwa kauli ya kutendwa: kibali kilitolewa, ridhaa ilipatikana. Ni aya kavu, lakini nyuma yake kuna vikao na sahihi za watu. Tone la damu ya mtoto mmoja haliingii maabara bila watu kadhaa kuulizwa.

Asili ya kabila zima haina aya kama hiyo. Mtu anaweza kuandika kwamba watu hawa walitoka Mesopotamia, mwingine akarudia, na hakuna kisanduku katika fomu yoyote kinachouliza: dai hili likiwarudia wanaosemwa, litawafanya nini? Maadili ya utafiti yamefundishwa kumlinda mtu mmojammoja dhidi ya sindano na dhidi ya kutajwa jina. Sentensi bado hazijahesabiwa miongoni mwa vitu vinavyoweza kudhuru.

Nazo zinadhuru. Wilaya ya jirani inatosha kuonyesha. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuendelea, shirika la umma la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilifungua mashamba makubwa ya ngano katika tambarare za Basotu, Hanang, mpaka yakafikia takriban ekari 100,000. Chini ya mpango huo kulikuwa na picha ya ardhi isiyotumika ipasavyo. Wafugaji wa Kibarabaig walikuwa wakiitumia kwa zamu, kufuata majira, na tambarare hizo zilikuwa miongoni mwa malisho yao bora. Charles Lane alilionyesha hilo kwa kina katika maandishi yake ya miaka ya 1990, kikiwemo kitabu Pastures Lost cha mwaka 1996. Kufikia hapo kijiji cha Mulbadaw kilikuwa kimeshakwenda mahakamani dhidi ya NAFCO, kikashinda Mahakama Kuu na kushindwa katika Mahakama ya Rufani mwaka 1985. Kifani, ripoti ya mradi ni dada wa makala ya jarida: inarithi dai kutoka ripoti iliyotangulia, na umbo lake halina nafasi ya mpinzani. Spinachi iliyosifiwa kimakosa haimnyimi mtu malisho. Tambarare iliyoandikwa kuwa tupu inaweza.

Hapa ndipo ninapoona pengo la Rekdal mwenyewe. Tazama majina anayoyapa makosa yake mawili. La Mbulu linaitwa "myth", ngano ya asili, jambo zito la kabila. La maprofesa linaitwa "urban legend", porojo ya mjini, ya kuchekesha. Porojo husahihishwa kwa tabasamu na profesa anabaki na kiti chake. Ngano ikisahihishwa, mtu aliyemsimulia mwanawe atokako anaambiwa kwamba alidanganywa na vitabu, na anayemwambia ni kitabu kingine, kilichoandikwa kwa Kiingereza. Makala ya spinachi inasomwa bure mtandaoni. Ile ya Wairaqw imo katika hifadhi ya JSTOR, inayohitaji akaunti au chuo kilicholipia. Mtego mwema wa 2014, unaomfanya msomaji kuwa mpitiaji, umewekwa njiani kwa wanaoandika majarida. Wanaoandikwa na majarida hawakuwekewa.

Pengo hilo halibatilishi hoja yake. Ngano ya Iraki haina ushahidi, na kuinyamazia kwa adabu kungekuwa kuwadharau Wairaqw, kana kwamba wao hawana haja ya ukweli. Isitoshe, watu wa Mbulu hawakuwa vyombo vitupu vya kumiminiwa dhana. Waliichukua kwa sababu ilikuwa na faida: iliwapa asili yenye vitabu vitakatifu na miji mikongwe, katika nchi ambayo wafugaji na wakulima wa milimani hawakuhesabiwa sana. Anayetaka kuibomoa ana deni la kuweka historia nyingine mahali pake, na historia hiyo inaandikika. Yusufu Q. Lawi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ameandika kuhusu ardhi, mazingira na Operesheni Vijiji ya 1974 hadi 1976 katika nchi ya Wairaqw, akichapisha katika majarida makubwa ya historia ya Afrika. Kazi ya namna hiyo huiondolea Iraki kazi bila kumfedhehesha msimulizi, kwa kuwa inaonyesha kwamba yaliyotendeka Irqwar Da/aw yana uzito wa kutosha.

Majarida yetu, ya Kiswahili na ya Kiingereza, yanaweza kuchukua mambo mawili kutoka kwenye makala hizi. La kwanza, mhariri achague kutoka kila makala dai moja linalobeba hoja nzima, amtake mpitiaji alifuate mpaka chanzo chake cha kwanza, na amtake mwandishi aseme ni marejeo yapi aliyasoma mwenyewe na yapi aliyapata kwa wengine. Kazi hiyo inachukua mchana mmoja. La pili ni gumu zaidi: makala inayodai jambo kuhusu asili, ardhi au mila za watu iwe na mpitiaji mmoja anayetoka kwa watu hao, au walau anayeijua lugha yao, na maoni yake yahesabiwe kuwa tathmini kamili. Pasipo hilo, wanaojulikana kama wanataaluma wenza watabaki kuwa wenza wa mwandishi tu.

Kati ya makala hizi mbili, ya 2014 ndiyo bora kwa usanii: msuko wake umekaza, kinaya chake kinachoma, na haimwachi msomaji salama. Lakini ya 1998 ndiyo nzito zaidi, kwa sababu imeshika kosa ambalo waathirika wake wana majina, mashamba na watoto wa kuwasimulia. Anayefundisha maadili ya uandishi wa kitaaluma Tanzania angetenda vema kuanza na Mbulu, na kuiacha spinachi iwe zoezi la wiki ya pili.